Ng'ombe wa Gunia wa Darasa la Vidudu

Wifi yangu Mwanapili alikuwa mfupi, mkaidi, na akipika wali haukosi kuungua chini. Nayasema haya mwanzo ili nisije nikaambiwa nampamba kwa kuwa ni mke wa kaka yangu. Nikishataja aibu zake nina haki ya kusema na mengine.

Kaka yangu Silima, mumewe, alikuwa mtu mpole ambaye maneno yake ya mwaka mzima yangeenea katika kikopo cha wanja. Mwanapili alipokwenda Unguja kusomea ualimu, watu walimuuliza Silima vipi anamwacha mke avuke bahari peke yake. Akajibu, "Atarudi," akaendelea kukuna nazi. Na kweli alirudi, mwaka wa hamsini na nane, na sanduku la bati limejaa chaki, makaratasi ya rangi na mikasi isiyokata. Ndani ya kichwa alirudi na jambo moja tu, kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza.

Sisi huku kwetu Pemba, upande wa Wambaa, tulijua mtoto hujifunza kwa kukaa kitako na kuogopa. Mimi mwenyewe nilisoma chuoni kwa Shehe Msellem, na mpaka leo nikiona fimbo ya henzirani mgongo unaniwasha. Basi watu walipomwona mwalimu wa serikali anaruka kichura mbele ya watoto, wengine walisema Unguja wamemroga. Darasa lake lilikuwa katika banda la zamani la kukaushia mbata, na watoto wake walikuwa wa miaka mitano na sita. Tuliliita darasa la vidudu. Alikuwa nao thelathini na nne, na alimjua kila mmoja kwa jina, kwa ukoo na kwa kamasi zake.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa hamsini na tisa ikaja barua. Sheha Jaribu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu wa kijiji na msomaji wetu wa barua, aliisoma barazani kwake kwa sauti ya kutangaza mirathi. Barua ilisema kwamba Jumatano ya wiki ya pili Bibi Mkaguzi atakuja kutoka Unguja kulikagua darasa la watoto wadogo. Darasa lisilotimiza watoto thelathini litafungwa, na mwalimu wake atahamishwa.

Siku hiyo darasani walikuwamo watoto tisa.

Msiniulize wengine walikuwa wapi. Ulikuwa msimu wa karafuu, na msimu wa karafuu Pemba hata kuku hana nafasi ya kutaga. Wakubwa wako mitini wanachuma, na vichala vikishafika nyumbani lazima vichambuliwe siku ile ile, karafuu huku na kikonyo kule, asubuhi zianikwe juani. Na hakuna anayechambua upesi kama mtoto, maana kidole kidogo ndicho kinachoingia. Bingwa wa kijiji kizima alikuwa Pandu, miaka sita, mjukuu wa Bi Bimkubwa. Vidole vyake vilikwenda kama vya mshona kofia. Bi Bimkubwa alikuwa na mikarafuu mingi kuliko mtu yeyote kijijini na ulimi mrefu kuliko mikarafuu yake, na alishasema mbele za watu, "Huyu Pandu wangu kusoma atasoma. Karafuu zikisha."

Jioni ile wifi alikuja kwangu akalia. Hakulia kwa uzuri kama wanavyolia maharusi. Alilia kwa hasira, akapenga kamasi kwa kanga yangu mpya.

"Wifi," akanambia, "wakilifunga hawalifungui tena. Watoto hawa watakaa hivi hivi mpaka wawe wakubwa wa kuambiwa wamechelewa."

Nikamwambia azunguke nyumba kwa nyumba awabembeleze wazazi. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeandika ile barua.

"Siwabembelezi wakubwa. Nitawafanya watoto watake. Ntoto akitaka kitu nani wa kunzuia? Hata babaake hamwezi."

Akachukua karatasi ya kufungia sukari, akaandika nyuma yake: Wiki ya Vidudu. Ilikuwa wiki ya kulisherehekea darasa, siku tano, na kila siku ina jambo lake. Nami akaniandika msaidizi bila ya kuniuliza.

Wiki yetu ya skuli ilianza Jumamosi, nayo ilikuwa Siku ya Rangi. Kila mtoto alete kitu chenye rangi, na mwalimu ataonyesha namna rangi zinavyopatikana. Manjano akaipata kwa binzari, nyeusi kwa makaa. Nyekundu akaipata kwa hina, na hapo ndipo alipokosea, maana hina haitoki kwa maji. Watoto waliifurahia mno, wakajipaka viganja na nyayo, na wavulana wakaipandisha mpaka viwiko. Alasiri akaja Ahmada, mvuvi, kamshika mwanawe mkono mwekundu kama wa biharusi.

"Mwalimu," akasema, "nnakuja kuuliza tu. Mmen'oza mwanangu, au? Maana kama kaozwa nambieni, mie babaake nijue mkwe wangu ni nani."

Watoto waliokuwa nyumbani wanachambua wakaiona hina ile wakalia wanaitaka. Jumapili walikuja kumi na sita.

Jumapili ilikuwa Siku ya Kunusa. Mtoto hufungwa kitambaa machoni, akapewa kitu anuse aseme ni nini. Yakhe, mtoto wa Pemba aliyelala chumba kimoja na magunia ya karafuu mwezi mzima atanusa nini? Alipewa kitunguu thomu, akasema karafuu. Alipewa limau, karafuu. Alipewa kiatu cha mwalimu, akafikiri sana, akasema, "Papa." Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na mwalimu akacheka kuliko wote, ingawa kiatu kile hakukivaa tena.

Jumatatu ilikuwa Siku ya Duka, wauze na wanunue kwa majani ya mwembe ili wajifunze kuhesabu. Siku hiyo Pandu alitoroka karafuu za bibi yake kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa hakutaka kuja mikono mitupu, alikuja na bidhaa kwapani: kuku wa Bi Bimkubwa, jike, anayetaga. Akamuuza kwa majani kumi. Alipojuta, mnunuzi, kijana wa miaka mitano, akamwambia duka limeshafungwa.

Jumanne ilikuwa iwe Siku ya Hadithi. Nitairuka, kwa sababu mtoa hadithi nilikuwa mimi na watoto walilala.

Tukafika watoto ishirini na sita. Wanne wamepungua, na imebaki siku moja, siku ya Bibi Mkaguzi mwenyewe. Hiyo ilikuwa Siku ya Wanyama, nayo wifi alikuwa ameanza matayarisho yake tangu wiki iliyopita. Alikuja na picha alizopewa Unguja, za simba na tembo. Watoto wakazitazama kwa adabu.

"Huyu analiwa?" mmoja akauliza.

"Haliwi. Simba ndiye anayekula watu."

"Basi wa nini?"

Akawauliza wao wanataka mnyama gani. Wakajibu kwa sauti moja: ng'ombe, na achezeshwe! Si ajabu. Mtoto wa Pemba tangu mgongoni kwa mamake ameshauona mchezo wa ng'ombe, ng'ombe dume kafungwa kamba, vijana wanamchokoza kwa kitambaa, zumari inalia na wanawake wanaimba. Mwanapili akaona vyema, akanikabidhi kazi ya kumtengeneza. Nilimshona ng'ombe kwa magunia mawili, pembe za makuti yaliyosokotwa, mkia wa kamba ya usumba na macho ya kauri. Ndani waliingia watoto wawili, na tangu alipotoroka Jumatatu, Pandu akawa mbele. Zumari zilikuwa mabua ya mpapai, ngoma debe. Sijisifu, lakini ng'ombe yule alikuwa mzuri kuliko baadhi ya ng'ombe hai ninaowajua.

Jumatatu ile ile jioni Bi Bimkubwa alikuja bandani kumdai kuku wake. Kuku akarudishwa, majani kumi yakarudishwa, akawa anaondoka huku anaapiza. Mara macho yake yakaangukia pembeni.  

"Nini kile?"

"Ng'ombe, Bi," Mwanapili akamjibu. "Wa Jumatano. Watoto watamchezesha mbele ya Bibi Mkaguzi."

"Nchezo wa ng'ombe? Na karafuu za watu ziko juani?"

 Mimi, mwanamke mzima niliyezaliwa Pemba, mikono yangu ilishona ng'ombe mzima na jambo hili halikunijia kichwani! Sisi ng'ombe tunamchezesha wakati wa kiangazi, ardhi ikikauka na visima vikishuka, kuiita mvua. Kumchezesha wakati karafuu zimeanikwa kila kiambo ni kumwita mgeni usiyemtaka. Karafuu ikinyeshewa inaoza, inageuka rangi, na jasho la mwaka mzima limekwenda. Hata vijana wahuni hawathubutu.

"Hili gunia tu, Bi," wifi akasema. "Gunia haliiti mvua."

"Na mvua itajuaje kama lile gunia?" akauliza Bi Bimkubwa.

Mwanapili alikuwa na cheti cha ualimu, lakini swali hilo halikuwamo.

Jumanne jioni wazee wakakutana barazani kwa Sheha Jaribu. Wakamuuliza Shehe Msellem kwanza. Shehe akakohoa, akasema mvua ni amri ya Mola peke yake, na mwenye kuamini kwamba ng'ombe analeta mvua, sembuse gunia, imani yake ina kasoro. Kila mtu akasema, "Hewalla, ni kweli." Kisha wakainua vichwa kuangalia mbingu. Mwishowe Sheha Jaribu akasema kwamba kuamini hatuamini, lakini hadhari haikukatazwa. Wakakubaliana kwamba kesho wazazi wote waende skuli na watoto wao, wasimame pale mpaka mwisho, wahakikishe kwa macho yao kwamba ng'ombe hainuki.

Sheha ndiye aliyeleta habari. Wifi akawaka kwa hasira.

"Wanakuja kunizuia! Kuniaibisha mbele ya mkaguzi!"

"Wifi," nikamwambia, "kasema wanakuja na watoto?"

"Wote. Kasema asibaki hata mmoja nyumbani, wasije wakamcheza kwa kificho…" Akasita. Tukatazamana. Kaka yangu Silima, aliyekuwa anakuna nazi, akainua kichwa akasema neno lake la mwezi ule. "Arubaini na tatu," akasema. Alikuwa ameshawahesabu watoto wa kijiji kizima, hata wasioandikishwa.

Jumatano kulipambazuka mbingu safi, haina hata kiwingu cha kufutia pua. Kufika saa tatu banda lilikuwa limejaa watoto mpaka mlangoni, na nje wakubwa wamelizunguka kama askari, mikono kifuani. Bibi Mkaguzi alikuja kwa gari ya serikali mpaka barabara ilipokwisha, kisha kwa miguu, na viatu vya kisigino na mwavuli mkubwa mweusi. Watu wakautazama ule mwavuli vibaya sana.

"Subalkheri, Bibi," akasema Sheha. "Karibu, karibu."

Bibi Mkaguzi akahesabu watoto mara mbili. Akauliza wale wakubwa wote wamefuata nini. Sheha Jaribu, mtu mkweli wa siku zote, akajibu kwamba wamekuja kuangalia maendeleo ya elimu. Watoto wakaimba, wakataja rangi, wakahesabu kwa majani mpaka ishirini. Mwanawe Ahmada akaonyesha mikono yake. Kila kitu kilikwenda vizuri, mpaka Bibi Mkaguzi alipogeuka akaona pembe moja ya makuti imechomoza chini ya mkeka.

"Na huyu ni nani?"

"Ng'ombe wetu!" wakajibu vidudu arubaini na tatu.

"Anaumwa," akasema Sheha haraka.

Bibi Mkaguzi akacheka. Akasema yeye kwao Unguja amezisikia sifa za mchezo wa ng'ombe wa Pemba na hajawahi kuuona, basi mgonjwa na ainuke kidogo amuone. Watu wote wakamtazama Mwanapili. Nilijua moyo wake ulivyokuwa. Ng'ombe ndiye aliyekuwa utamu wa wiki nzima, watoto walikuwa wamefanya mazoezi mpaka sauti zikawakauka, na mkaguzi mwenyewe anamtaka. Neno moja tu lingetosha.

"Bibi, niwie radhi," wifi akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa ndogo. "Wazee wetu hawapendi achezwe katika msimu wa karafuu. Watoto hawa wamekuja kwa miguu ya wazee wao. Sitawavunjia heshima."

Nilimpenda wifi yangu siku ile. Sijapata kumwambia.

 Mara tukasikia ng'ombe analia. Pandu alikuwa ameshaingia ndani tangu asubuhi, akingojea, na sasa amesikia kuwa hachezwi. Gunia zima lilikuwa linatikisika kwa kwikwi. Bi Bimkubwa alivuta ushungi wake, akautazama ule mkeka, akautazama tena.

"Na achezwe," akasema.

Watu wakageuka.

"Mnan'angalia nini? Zangu nshaanua tangu alfajiri. Ziko ndani."

Ahmada akajikuna kisogo. "Mie zangu pia nshaanua," akasema.

"Na sie."

"Sie tangu jana."

Ikadhihirika kwamba kijiji kizima, kila mtu kwa siri yake, kilikuwa kimezizoa karafuu gizani kikazitia ndani. Mimi na wifi tulianua za kaka kabla ya swala ya asubuhi, tukaapizana tusiseme. Tukabaki tunamtazama Shehe Msellem, naye akaanza kuhesabu tasbihi yake. Mkewe ndiye aliyesema. "Zetu zi juu ya kitanda," akasema. "Nlilala kwa ubavu."

Basi ng'ombe akainuka! Zumari za mpapai zikalia, debe likapigwa, wanawake waliokuja kuzuia wakawa ndio wa mwanzo kuimba, na Bi Bimkubwa akatoka katikati na kanga yake kumchokoza mjukuu wake. Ng'ombe alimpiga pembe Sheha, akamkosa Shehe, akamfukuza Bibi Mkaguzi kulizunguka banda zima kiatu kimoja kikabaki uwanjani. Sijaona mtu wa serikali amecheka vile.

Kabla ya adhuhuri upepo ukageuka. Wingu likatoka upande wa bahari, likatufikia, na mvua ikanyesha ya kumwaga kwa ndoo. Bibi Mkaguzi akaufungua mwavuli wake, wakaingia chini yake watoto wanane na kuku mmoja. Sisi wengine tulisimama tunarowa, tunatazamana. Jioni zikatufikia habari za vijiji vya jirani. Waliposikia asubuhi kwamba karafuu zetu ziko ndani na jua kali linawaka, walitucheka. Sasa karafuu zao zilikuwa zinaelea. Za kwetu hazikurowa hata punje.

Mkiniuliza kama ni ng'ombe au ni majira yake, nitawajibu kwamba mimi ni mshonaji tu.

Barua ya pili ilikuja baada ya wiki tatu. Sheha akaisoma barazani. Darasa litaendelea na mwalimu atabaki. Bibi Mkaguzi ameandika kwamba katika safari zake zote hajapata kuona wazazi wenye hamu ya elimu kama wa kijiji hiki, waliohudhuria wote bila ya kuitwa. Wazazi wakakohoa. Wifi akanifinya mkono mpaka ukaingia buluu.

Msimu uliofuata watu wakaanza kumjia Mwanapili mmoja mmoja, kwa heshima kubwa, kumuuliza ng'ombe wa vidudu atachezwa lini mwaka huu, ili wajue siku ya kuanua. Mwaka mmoja nyuma hawakuijua hata njia ya banda. Wifi, mkaidi yule, hakumwambia mtu. Aliandika ubaoni kwa chaki, akauweka ubao mlangoni, akasema anayetaka kujua na asome.

Ukimtoa Sheha, sisi wakubwa tuliokuwa tunajua kusoma tulijua herufi za Kiarabu tulizopigiwa henzirani chuoni. Zile za skuli tulikuwa vipofu. Sheha naye aliulizwa, akajibu kwamba macho yanamuuma, na nadhani wifi alishapita kwake.

Asubuhi moja nilikuwa pale nikamwona Bi Bimkubwa anakuja, na Pandu kamshika mkono. Vichala vya karafuu alikuwa ameviacha nyumbani vinangoja. Wakasimama mbele ya ubao.

"Soma," akamwambia.

Pandu akaweka kidole. "Ng'o-mbe a-ta-che-zwa Ju-ma-ta-no."

"Mara nyengine."

Akasoma tena, upesi zaidi, kidole kinakwenda kama kwenye karafuu. Bi Bimkubwa hakuutazama ubao. Alikuwa anautazama mdomo wa mjukuu wake. Akamsomesha mara ya tatu, na siku alikuwa ameshaijua tangu ya kwanza.

Kisha akamsukuma kidogo mgongoni, mtoto akaingia darasani, na yeye akarudi nyumbani kuchambua mwenyewe.